Asumini na Mgomba

Ushairi wetu wa pwani umemsifu mpenzi hata sifa zimechakaa. Macho, shingo, mwendo, harufu ya asumini: kila mwanagenzi wa vina anavyo ghalani. Lakini muulize mshairi huyo kilichosalia mwaka wa kumi na tano wa ndoa, mtoto akikohoa usiku na unga umekwisha. Atanyamaza, ama ataanza kuhubiri.

Mahubiri hayo yana mama mtukufu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mjane mgonjwa, ili amwachie bintiye wosia. Ustadi wake hauna shaka. Hata hivyo, ndoa humo imetazamwa upande mmoja: mke ndiye afundwaye kuitunza. Shaaban Robert naye, alipomtungia mkewe "Amina", alimtungia marehemu. Baina ya arusi na kaburi pana uwanja mpana, na washairi wetu wameuacha pori.

Utendi wa Mwana Kupona umo katika Tenzi Tatu za Kale (1999), kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera. Yeye aliyatazama ya kwetu. Nasi tuyatazame ya kwao, hasa Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mahaba huko yapo: wimbo wa Saida Karoli, "Maria Salome", tuliucheza hata sisi tusiojua Kihaya. Ila mfano ninaoutafuta umo shambani, migomba inapoota pamoja na mibuni. Mbuni humngojesha mkulima miaka kama mitatu kabla ya kuzaa. Mgomba huzaa mkungu mmoja, ukakatwa, chipukizi likashika nafasi. Na shamba likitiwa samadi na matandazo hurithiwa na wajukuu. Tunda la kahawa nalo kwa kawaida hubeba punje mbili zilizoelekeana, na Wahaya walizitumia punje hizo katika kuchanjiana udugu. Mshairi wa ndoa atake mfano gani tena?

Asumini huchumwa jioni, alfajiri imesinyaa. Hilo si kosa lake. Kosa ni letu tunaoidai idumu kama shamba. Kijana aliyelelewa na mashairi ya asumini pekee, siku harufu ikipungua hudhani mapenzi yamekufa. Hana ubeti wa kumwambia kuwa sasa ndipo palizi inaanza. Wapo wanaofika kwa kadhi kwa kukosa neno hilo tu.

Methali tunayo: mgomba haushindwi na mkunguwe. Tumeizoea katika mawaidha ya uzazi na mizigo ya maisha. Haijapata diwani yake ya ndoa. Nami sitaki wosia mwingine kwa bibi arusi. Nataka shairi la watu wawili waliozoeana, wamekosana na wamerudiana, lenye vina vilivyotimia na mizani iliyonyooka, na ambamo mume naye amejitwika samadi.