Nukta ya Haidrojeni

Bamba la picha ya anga ni kioo chembamba, aghalabu inchi 8 kwa 10, kilichopakwa dawa ya picha upande mmoja. Likipigwa kwa njia inayohusika hapa, anayelishika kingoni kwa ncha za vidole na kulielekeza kwenye mwanga hakuti nyota. Anakuta vistari vya kijivu, mamia kwa maelfu, vyote vimelalia upande mmoja, na kila kimoja ni mwanga wa nyota moja uliokunjuliwa rangi zake. Kazi yake ni kuvipitia kimoja baada ya kingine, lenzi ya kukuzia jichoni, mpaka akifikie chenye nukta nyeusi ambayo majirani zake hawana.

Nukta hiyo ni haidrojeni. Mbele ya lenzi ya darubini huwekwa mche wa kioo unaopasua mwanga, ili kila nyota iache utepe badala ya doa: wekundu upande huu, urujuani upande ule. Katika nyota nyingi haidrojeni huonekana kama pengo jembamba ndani ya utepe, kwa kuwa gesi ya tabaka la juu humeza mwanga wa rangi fulani. Nyota iliyozungukwa na gesi ya moto hufanya kinyume. Haidrojeni yake huwaka, hasa katika wekundu wa nanomita 656.3, na kwa kuwa bamba ni negativu, kinachowaka huchapika kikiwa cheusi. Padri Angelo Secchi wa Roma aliiona ajabu hiyo mwaka 1866 katika nyota Gamma Cassiopeiae, ya kundi la Mke wa Kurusi. Lakini yeye alichungulia darubinini nyota moja moja. Bamba la kioo liliwezesha kusaka mamia ya nyota kwa mkupuo, na kurudia msako huo miaka mia baadaye.

Williamina Fleming ndiye aliyeipa kazi hii hadhi yake. Alizaliwa Dundee, Scotland, mwaka 1857, akahamia Marekani na mumewe, akaachwa akiwa mjamzito, akapata kazi za ndani nyumbani kwa Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha kuchunguza anga cha Harvard. Mwaka 1881 Pickering alimwajiri kituoni. Mabamba yalimjia mengine kwa meli, kutoka tawi la Harvard huko Arequipa, Peru. Yeye na wanawake wenzake waliyaegemeza kwenye fremu zilizoinama, kioo cha kujitazamia kikirusha mwanga wa dirishani kutoka chini, na alama zao wakaziandika kwa wino upande usio na dawa.

Fleming aligundua nyota zaidi ya 300 zinazobadilika mwangaza, na mbinu yake inastahili kuangaliwa kwa karibu. Akikuta utepe wa nyota nyekundu wenye mistari ya haidrojeni inayowaka, alijua karibu kwa yakini kwamba nyota hiyo hupanda na kushuka mwanga. Hapo alifungua mabamba ya miaka ya nyuma kuhakikisha. Kwa jicho lilelile, mwaka 1893, aliitambua nyota iliyolipuka katika kundi la Norma, akiwa na bamba mkononi, maelfu ya kilomita kutoka ilikopigwa picha. Katika shajara yake ya mwaka 1900 alieleza uchungu wa kulipwa dola 1,500 kwa mwaka ilhali baadhi ya wasaidizi wengine walipata 2,500. Uchungu huo ulikuwa wa haki kabisa.

Kuona ni nusu ya ufundi. Nusu iliyo ngumu zaidi ni kukataa. Punje ya vumbi kwenye dawa hufanana na nukta. Tepe za nyota mbili jirani zikipandana, panapopandana hukolea weusi. Kuna pia nyota nyekundu zilizopoa, ambazo titani oksidi iliyomo ndani yake hula vipande vipana vya mwanga karibu kabisa na mahali pa haidrojeni. Kipande kinachosalia bila kuliwa hujitokeza kikijifanya mstari unaowaka, na kimewadanganya hata wazoefu. Dawa za vumbi na tepe zilizopandana zipo: bamba la pili la eneo lilelile, na kichujio chekundu kinachofupisha kila utepe ili usimwangukie jirani. Kwa hizo nyota nyekundu, dawa ni jicho lililokwisha kuona nyingi. Asiyeridhika huweka alama ya shaka kando ya namba ya nyota, na orodha huchapishwa na shaka zake zote. Ndiyo sababu orodha za zamani bado zinaaminika: ndani yake msomaji anajua wapi mtafutaji alisita.

Msako mmojawapo mkubwa ulifanyika Afrika. Kati ya 1948 na 1951 kijana Karl Henize alikaa Bloemfontein, Afrika Kusini, katika kituo cha Chuo Kikuu cha Michigan, akipiga picha anga ya kusini kwa darubini ya inchi 10 yenye mche. Orodha yake ya nyota zenye haidrojeni inayowaka ilitoka mwaka 1976, nyota 1,929, zaidi ya miaka 20 tangu alipofunga kazi ya usiku. Kufikia hapo alikwisha kuwa mwanaanga wa NASA. Aliruka na Challenger mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 58, na alifariki mwaka 1993 akiwa kwenye mlima Everest. Watu humkumbuka kwa safari ya Challenger; wanaastronomia humtaja kila siku kwa namba za orodha yake.

Mwaka mmoja baada ya orodha ya Henize, 1977, Bruce Stephenson na Nicholas Sanduleak wa Cleveland, Marekani, walichapisha orodha ya nyota 455. Ya 433, katika kundi la Ukabu, ilikuwa na haidrojeni kali, na wao waliandika hilo na mahali ilipo, basi. Mwaka uliofuata wengine waliigeuzia darubini kubwa wakakuta mistari ya haidrojeni inahamahama, mara kuelekea wekundu, mara kuelekea buluu. Nyota hiyo, SS 433, hurusha michirizi miwili ya gesi kwa karibu robo ya kasi ya mwanga, na mhimili wa michirizi hiyo huzunguka kwa siku zipatazo 162. Kitu cha aina hiyo hakikuwa kimewahi kuonekana. Namba yake ni ileile ya kwenye orodha.

Nyingine huhitaji subira ya vizazi. Katika Kilimia, kundi ambalo wakulima wa Afrika Mashariki wamelitazama tangu zamani kujua majira ya kulima, imo Pleione, nyota inayojizungusha kwa kasi kubwa mno. Haidrojeni yake iliwaka mwishoni mwa karne ya 19, ikazimika mwanzoni mwa karne ya 20, ikarudi kwa sura mpya mwaka 1938. Bamba moja lisingesema lolote juu ya hilo.

Lakini ushahidi unaovutia kuliko wote uko katika kundi la Ara, kwenye nyota ambayo Henize aliiorodhesha kama Hen 3-1357. Hadi miaka ya 1970 ilionekana nyota ya kawaida ya aina yake. Kisha gesi iliyoizunguka ikawaka, na darubini ya Hubble ikapiga picha ya nebula, yaani wingu la gesi kuzunguka nyota inayofikia mwisho wa uhai, changa kuliko zote za aina hiyo zilizojulikana, iliyopewa jina la samaki taa. Harvard ina mabamba takriban nusu milioni, na Bradley Schaefer na Zachary Edwards waliyapekua wakaupima mwanga wa nyota hiyo tangu 1889. Waligundua kwamba ilikuwa ikififia polepole kwa miaka 90 kabla ya gesi kuwaka, tangu siku ambazo Fleming alikuwa akipitia mabamba yake. Baada ya 1980 ikaporomoka: kufikia 1996 mwanga wake ulikuwa umepungua zaidi ya mara 30. Nyota zinazofikia mwisho wa uhai wake zilitarajiwa kubadilika kwa karne nyingi, na hesabu za kueleza kasi hiyo bado zinafanyiwa kazi.