Kuenzi au Kusoma? Funzo la Hawar ya Wakurdi

Neno "kuenzi" limeanza kunichosha. Mzee wa kalamu akifariki, arobaini haijafika utasikia: tumuenzi! Itaundwa kamati, atatafutwa mlezi, zitachapwa fulana zenye picha yake, na baada ya hapo kimya. Simnyooshei mtu kidole, maana nami nimo. Mwaka jana niliitwa kwenye kamati ya namna hiyo. Mwalimu wetu mmoja, mkusanyaji wa methali na maneno ya wavuvi, alifariki akaacha kabati lililojaa madaftari. Tulikutana mara tatu. Kikao cha kwanza tulijadili jina la wakfu, cha pili nembo, cha tatu tukagombana juu ya nani awe mweka hazina wa fedha ambazo hazipo. Kabati lenyewe hakuna aliyelifungua.

Nilitoka kikao cha tatu nimekasirika, na mimi hasira zangu huishia vitabuni. Nikajiuliza, wenzetu walioanza na mikono mitupu walifanyaje? Ndipo nikawafikia Wakurdi. Hawa ni watu wenye lugha lakini wasio na dola yao, waliogawanywa kati ya Uturuki, Syria, Iraki na Irani. Kwa muda mrefu hawakuwa na wizara wala makumbusho ya taifa ya kubeba urithi wa msomi wao. Usipobebwa na jamaa au kikundi kidogo, umepotea. Kwa hiyo wanajua jambo ambalo sisi tunadhani tunalijua. Hata neno tunalo pamoja: sisi twasema wakfu, wao husema weqf.

Msomi ninayetaka kumzungumzia ni Celadet Alî Bedirxan. (Herufi C ya Kikurdi hutamkwa kama J yetu, mwite Jeladet.) Alizaliwa mwaka 1893, mjukuu wa mtawala wa Botan ambaye Waosmani walimshinda mwaka 1847 wakampeleka uhamishoni. Naye akaishia uhamishoni, Damascus, wakati Syria ikiwa chini ya Wafaransa. Huko, tarehe 15 Mei 1932, alitoa toleo la kwanza la jarida lake, Hawar. Jina hilo maana yake ni yowe, ule ukelele wa kuita majirani waje kusaidia. Mtu hapigi yowe ili asifiwe sauti. Anapiga ili watu waje. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, maana ndilo shina la makala hii.

Kikurdi changu ni cha kubabaisha na kamusi, sitadanganya. Bahati nzuri Hawar ilikuwa na kurasa za Kifaransa, na hizo ndizo zilizokuwa mlango wangu. Nilichokikuta humo kilinishangaza kwa jinsi kinavyofanana na vijarida vyetu hivi vya kubana bajeti. Hadithi za kale zimekaa pembeni ya masomo ya sarufi, mashairi ya vijana kama Cegerxwîn na Osman Sebrî yamebanana na maelezo ya matamshi. Mhariri mwenyewe anaandika kwa jina lake, kisha anaandika tena kwa jina la Herekol Azîzan. Nyie mnaohariri mnaelewa! Kurasa hazijai, waandishi wameahidi hawakuleta, mhariri anavaa kofia ya pili.

Lakini kazi kubwa ya Hawar ilikuwa alfabeti. Celadet alisimulia chanzo chake, na kisa hicho nakipenda sana. Mwaka 1919 alikuwa safarini pamoja na ofisa Mwingereza, Meja Noel, aliyekuwa akijifunza Kikurdi. Kila mmoja alikuwa akiandika aliyoyasikia, Noel kwa herufi za Kilatini, Celadet kwa za Kiarabu. Walipokuja kusoma tena walichoandika, mgeni alisoma vizuri. Mwenye lugha akawa anajikwaa kwenye irabu za maandishi yake mwenyewe! Yeyote aliyewahi kukaa na barua ya zamani ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akakisia hapa ni p au b, pale ni o au u, anaijua aibu hiyo ndogo. Celadet hakuisahau. Matoleo 23 ya mwanzo ya Hawar yalitumia alfabeti zote mbili. Kuanzia la 24 akabaki na ya Kilatini peke yake, herufi 31, nane zikiwa irabu.

Sasa, mtu wa kamati ya kuenzi ataishia hapo na kupiga makofi. Mhakiki hawezi. Alfabeti hiyo ililenga kuunganisha, na kwa wasemaji wa lahaja ya Kurmanji, hasa wa Uturuki na Syria, iliunganisha kweli. Lakini Wakurdi wa Iraki na Irani waandikao lahaja ya Sorani wanatumia herufi za asili ya Kiarabu hadi leo. Na wale wa Armenia ya Kisovieti, ambao gazeti lao Riya Teze lilianza mwaka 1930 kwa herufi za Kilatini, walihamishiwa za Kirusi miaka ya 1940. Lugha moja, alfabeti tatu. Wala kosa si la Celadet, mipaka hakuichora yeye. Ila ukiandika juu yake ukalificha jambo hili, umemgeuza sanamu, na sanamu haina swali linalosubiri jibu.

Hawar ilisimama mwaka 1935, ikarudi 1941, ikafa 1943 baada ya matoleo 57. Celadet alifariki mwaka 1951 kwa ajali ya kisima, kijijini karibu na Damascus, alikokuwa akilima pamba. Mtoto wa watawala, mwanasheria aliyesomea Ujerumani, mwanasarufi. Mwisho wake pamba na kisima. Wakati huo kazi yake ya sarufi ilikuwa bado haijawa kitabu.

Hapa ndipo swali la wakfu linapoanza kwa kweli. Mtu amekufa, kazi iko katikati. Nani anaiendeleza?

Jibu la kwanza ni mjane. Rewşen Bedirxan aliishi hadi mwaka 1992, miaka 41 baada ya mumewe, na alikuwa mwalimu na mwandishi kwa haki yake. Nadhani popote duniani mjane ndiye wakfu wa kwanza, asiye na katiba wala akaunti ya benki. Sisi tunamkumbuka siku ya kukata utepe.

Jibu la pili ni mshirika wa kazi. Mfaransa Roger Lescot, aliyeshirikiana na Celadet, aliitoa ile sarufi ya Kurmanji Paris mwaka 1970, majina yao wote wawili yakiwa jaladani. Hesabu mwenyewe: miaka 19 tangu mazishi. Hakuna fulana iliyochapwa hapo, bwana. Kuna mtu aliyekaa na maandishi ya mwenzake mpaka yakawa kitabu ambacho mwanafunzi anaweza kukishika.

Jibu la tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa kurasa hizi. Nchini Uturuki, Sheria namba 2932 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku kuchapa kwa Kikurdi mpaka ilipofutwa 1991, na herufi q, w na x za alfabeti ya Celadet hazikuruhusiwa rasmi mpaka mwaka 2013. Hebu fikiri, herufi kuwa kosa! Waandishi wengi walikimbilia Uswidi. Huko Stockholm, Firat Cewerî alikuwa akitoa jarida dogo la fasihi, Nûdem, kuanzia 1992 hadi 2001. Mwaka 1998 mhariri huyo akayakusanya matoleo yote 57 ya Hawar na kuyachapa upya katika juzuu mbili, kwa jina la Nûdem. Aliyemrudisha mzee kwa wasomaji wake, basi, ni kijarida, wala si serikali. Nikisoma hapo huwa najisikia kama nimetajwa jina.

Miaka mitatu kabla ya juzuu hizo, yaani 1995, Mehmed Uzun, naye akiwa Uswidi, alitoa riwaya juu ya maisha ya Celadet, Bîra Qederê, yaani "Kisima cha Majaaliwa". Uzun ni mwandishi mkubwa na nia yake siishuku. Ila kisima kikishakuwa jina la kitabu, tangu ukurasa wa kwanza msomaji anajua mwisho, na maisha yote yanaanza kuteleza kuelekea shimoni. Huzuni hiyo ni tamu, na ndiyo hatari yake. Ukisoma Hawar yenyewe hukuti mtu anayeteleza kwenda kisimani. Unakuta mtu anayebishana juu ya irabu, mwenye haraka, anayedhani kesho ipo. Riwaya inatufanya tumlilie. Juzuu za Cewerî zinatufanya tumjibu. Vyote vinahitajika, lakini nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kuokoa nyumba ikiungua, nachukua juzuu.

Kuna mfano mmoja zaidi, wa ng'ambo ya bahari. Brooklyn, New York, mwaka 1986, mtafiti Mmarekani Vera Beaudin Saeedpour alifungua Maktaba ya Kikurdi katika nyumba ya kawaida ya mtaani, kisha makumbusho mwaka 1988. Mumewe, Mkurdi wa Irani, alikuwa amefariki 1981. Alikusanya vitabu, magazeti, mavazi na picha, akatoa na jarida la utafiti. Kwa kiasi kikubwa taasisi yote ilikuwa mtu mmoja na nyumba moja. Alifariki mwaka 2010, na mkusanyo ukahamia Chuo Kikuu cha Binghamton, katika jimbo hilo hilo. Mwisho mwema, tushukuru. Lakini uone kamba ilivyokuwa nyembamba: uhai wa maktaba ulitegemea pumzi ya mama mmoja. Wakfu mdogo usiopanga nani atashika ufunguo kesho unacheza kamari na urithi wa watu.

Linganisha na Taasisi ya Kikurdi ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1983. Ina maktaba, ndiyo, lakini kinachonivutia ni jarida lake la Kurmancî, lililoanza mwaka 1987. Wasemaji kutoka sehemu mbalimbali hukutanishwa, wanabishana juu ya istilahi na maneno ya mahali pao, kisha makubaliano yanachapwa. Hiyo ni kazi ya Celadet inaendelea, hata siku ambayo jina lake halitajwi kabisa. Mimi naona huko ndiko kumuenzi hasa.

Kwa hiyo niliporudi kwenye kamati yetu kwa kikao cha nne, nilisema maneno machache. Urithi wa msomi ni kazi aliyoiacha katikati. Wakfu unaofaa una shughuli tatu: kuzitunza karatasi zisiliwe na mchwa, kuzichapa zisomwe, na kuruhusu zibishiwe. Ya kwanza bila ya pili ni ghala. Ya pili bila ya tatu ni matanga yasiyokwisha. Nembo si mojawapo. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyetukana msibani. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Sasa wewe na Wakurdi wako!"

Jumamosi yake tukaenda, mimi na huyo mwenzangu, nyumbani kwa marehemu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mmekuja tena kupima ukuta wa picha?"

"Hapana mama. Tunaomba kuona madaftari."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Kuona, au kusoma? Maana wa kuona wamekuja wengi." Akafungua kabati kwa ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye ncha ya khanga. Daftari la tatu mchwa walikuwa wamekula nusu. Ya chini yalilowa masika iliyopita. Mwandiko wa marehemu, jamani, ni kama nyayo za kuku, tulipokwama yeye ndiye aliyetusomea, kidole mstarini, na mahali pawili akasema, "Hapa alikosea. Nilimwambia, hakunisikia." Mwenzangu akaacha kuandika akamtazama. Kumbe mhariri tulikuwa naye siku zote, na kwenye orodha ya kamati jina lake halimo.

Sasa limo. Tunakwenda kila Jumamosi, watu wawili, mama wa tatu. Tumenakili kurasa 40 kati ya nyingi mno. Fedha bado hakuna, na mweka hazina hajapatikana, wala hatujamkosa. Toleo lijalo la jarida hili litakuwa na kurasa tatu za mwanzo, maneno ya wavuvi kama yalivyoandikwa, pamoja na yale makosa mawili na masahihisho ya mama pembeni. Msomaji wa pwani ukiona neno tumelisoma vibaya, usituonee haya. Tuandikie. Hilo ndilo yowe letu.