Tembo Aliyevaa Kostimu: Juu ya Kitabu cha Kwanza cha Jean de Brunhoff

Wako wanaodhani kwamba kumtungia mtoto kitabu ni kazi ya mapumziko, kazi ya mtu aliyeshindwa kuwaandikia watu wazima. Hao hawajajaribu. Mtu mzima akipata kitabu kibaya hukiweka chini, akachukua kingine. Mtoto hana kingine. Kitabu cha kwanza kinachofika mikononi mwake atakifungua mara mia, atakilalia, atakichana, na sanamu zake zitakaa ndani ya kichwa chake mpaka uzee. Na hapa kwetu, ambapo mtoto wa masomo huenda asione zaidi ya vitabu vitatu vya rangi katika utoto wake wote, jambo hili si dogo.

Basi tumechukua leo kitabu kimoja cha Wafaransa, cha mtu ambaye hakuwa amewatungia watoto kitabu kingine mbele yake, ili tukipime: Histoire de Babar le petit éléphant, kilichotoka Paris mwaka wa 1931. Wengi wetu tumekiona katika kabati la vitabu vya masista, mara nyingi bila jalada, na kurasa za mwisho zimepotea. Ni kitabu kinachopendwa, na twaona kwamba chastahili kupendwa. Lakini kupenda siyo kufumba macho.

Tuseme kwanza jinsi kilivyozaliwa. Mwaka wa 1930 mama mmoja, Cécile de Brunhoff, mpiga piano, aliwasimulia watoto wake wawili wa kiume hadithi ya mtoto wa tembo. Yasemekana mdogo, Mathieu, alikuwa akiumwa tumbo, na mama alitaka kumtuliza. Watoto wakaenda kumrudia baba yao hadithi ile. Baba, Jean, alikuwa mchoraji aliyefundishwa katika Académie de la Grande Chaumière, mtu wa miaka thelathini na kidogo, ambaye sanamu zake za rangi ya mafuta hazikuwa zimempatia jina kubwa. Akashika kalamu awachoree wanawe tembo wao, akampa jina la Babar, akaendelea kuongeza mambo mpaka kikawa kitabu. Walipotaka kukichapa, Cécile aliomba jina lake litolewe kwenye ukurasa wa kwanza, maana aliona kwamba kazi ilikuwa ya mume wake. Twalitaja hili kwa sababu wako wengi katika nchi zetu waliofanya kama huyu mama: bibi zetu walitunga, wengine wakaandika. Tofauti ni kwamba Cécile aliulizwa.

Mchapishaji alikuwa shemeji yao, Lucien Vogel, mwenye gazeti la mavazi la Le Jardin des Modes. Naye Michel, ndugu ya Jean, alifanya kazi katika gazeti la Vogue la Ufaransa, la mavazi vile vile. Msomaji alikumbuke hili tutakapofika kwenye kostimu.

Sasa tufungue kitabu. Jambo la kwanza linaloshangaza ni ukubwa wake. Chapa ya mwanzo ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 37: mtoto wa miaka mitano akikifungua sakafuni anaweza kuingia ndani yake kama anavyoingia katika mkeka. Jambo la pili ni maandiko. Si herufi za mashini, bali ni maandiko ya mkono, yanayoungana, kama yale ambayo mwalimu huandika ubaoni. Kwa hiyo neno na sanamu vimetoka katika mkono mmoja, na mtoto anayeanza kusoma haoni ukuta kati ya vitu viwili hivyo. Sentensi ni fupi, nazo ziko katika wakati uliopo: tembo anazaliwa, mama anambembeleza, anacheza. Hakuna «hapo zamani za kale». Kila ukurasa unatokea sasa hivi, mbele ya macho, kama vile sanamu inavyotokea sasa hivi.

Hapa ndipo fundi aonekanapo. Mchoraji dhaifu huchora kile ambacho neno limekwisha kusema, nacho kinakuwa kama mtu anayerudia jibu la mwenzake. De Brunhoff aligawa kazi. Neno husema jambo kuu, tena kwa haraka. Sanamu hukaa, hutembea polepole, huonyesha mengine yote. Katika ukurasa wa watoto wa tembo wanaocheza, neno halituambii karibu lolote, lakini mtoto atakaa hapo robo saa: huyu anaoga, huyu anakula, yule mmoja anachimba mchanga kwa ganda la konokono wa baharini, na huyo ndiye Babar. Tena tembo wenyewe wamechorwa kwa mistari michache mno. Jicho ni nukta moja. Lakini tembo huyo akihuzunika, twajua anahuzunika, kwa jinsi mgongo unavyoinama. Mtu aliyechora hivyo alikuwa amewatazama watoto wake kwa muda mrefu, wakilia, wakivua nguo, wakigoma kula.

Kisha, upesi, kifo. Babar yuko mgongoni mwa mama yake, anafurahi, na mwindaji aliyejificha anapiga bunduki. Mama anaanguka. Tumbili anajificha, ndege wanaruka, mtoto analia. Basi. Wako wazazi, huko Ulaya na hapa, wanaoruka ukurasa huo wanapowasomea watoto. Sisi tunasema: msiuruke. Mtoto wa kwetu amekwisha kuona matanga kabla ya kujua kuhesabu mpaka kumi, naye hukasirika akidanganywa. Uzuri wa ukurasa huu ni kwamba haumfundishi mtoto namna ya kulia, wala haumfariji haraka. Unamwonyesha mtoto mdogo na mwili mkubwa, halafu unamwambia akimbie. Na baadaye, Babar akiwa na nyumba na kitanda cha laini, twamwona amesimama dirishani akimkumbuka mama. Kitabu hakikusahau. Ni vichache vya watoto vyenye uaminifu huo.

Lakini tazameni kichwa cha mwindaji: amevaa kofia ya jua, ile tunayoijua sote. Mtu wa kofia hiyo anaua mama. Kisha mtoto anakimbilia mji wa watu wa namna hiyo hiyo, na humo anapendwa. Mama Mzee mmoja, tajiri, anampa mfuko wa fedha. Babar anaingia dukani, anapanda na kushuka katika asanseri mara kumi kwa furaha (kila mtoto anacheka hapo, na mchungaji wake pia), halafu ananunua shati, kravati, kostimu ya kijani, kofia na viatu. Anapigwa picha. Anaendesha motokari. Mwalimu anamfundisha hesabu. Hakuna hata mmoja katika kitabu anayeuliza mwindaji alikwenda wapi.

Jambo hili limeandikiwa mengi. Ariel Dorfman, mwandishi wa Chile, alionyesha mwaka wa 1983 kwamba hadithi nzima ni ndoto ya mkoloni: mwenyeji anatoka porini uchi, anavishwa, anafundishwa, anarudishwa awe mfalme juu ya wenzake. Mwaka wa 1995 mwalimu wa Marekani, Herbert Kohl, alitoa kitabu ambacho jina lake lauliza kama ingefaa kumchoma Babar. Mwaka wa 2008 Adam Gopnik alijibu kwa namna nyingine: kwamba kitabu chajua kinachofanya, nacho kinawacheka Wafaransa wenyewe na tamaa yao ya kuvika dunia nzima kravati. Tukumbuke pia kwamba mwaka ule ule wa 1931 Paris ilikuwa na Maonyesho makubwa ya Makoloni, pale Vincennes, na watu kwa mamilioni walikwenda kuyatazama.

Sisi twaona kwamba Dorfman ana haki juu ya hadithi, na Gopnik ana haki juu ya sanamu. Babar ndani ya kostimu yake ni wa kuchekesha, na mchoraji alikusudia hivyo. Watu wa nyumba ile, waliokula chakula chao kutoka katika magazeti ya mavazi, walijua vema kwamba kostimu ni mchezo. Lakini neno halichezi. Mfalme wa tembo anakula uyoga mbaya, anakufa, na mzee Cornelius anashauri wamchague Babar kwa sababu ametoka mjini, amejifunza mengi. Mtoto wa Paris husikia hapo mwisho mzuri wa hadithi. Mtoto wa Bukavu au wa Kalemie husikia jambo analoambiwa kila siku nyumbani.

Tena kuna ukurasa mmoja ambao ndugu wasomaji wautazame kwa uangalifu, hasa wale wanaosoma mbali na kwao. Mama wa Arthur na wa Céleste wamekuja mjini kuwatafuta watoto wao. Wakati wa kurudi, Babar na hao wawili wanakaa ndani ya motokari nyekundu. Mama hawana nafasi. Wanakimbia nyuma, nao wameinua mikonga yao juu ili wasivute vumbi. Neno linalisema hilo bila aibu yoyote, na sanamu ni nzuri, tena ya kuchekesha. Tulipoionyesha kwa watoto wa katekisimu, walicheka kweli kweli. Halafu msichana mmoja akauliza: «Mbona wasiwapishe mama, wao wakimbie?» Hatukuwa na jibu jema. De Brunhoff alichora pale kitu ambacho sisi tuliosoma tunakijua kutoka ndani: kurudi kijijini na vumbi letu likawaangukia waliotuzaa. Kama alikusudia au hakukusudia, hatuwezi kusema, sanamu yasema.

Mpaka hapa tumesifu na kulaumu kitabu cha kwanza. Cha pili, Le Voyage de Babar, cha mwaka wa 1932, kinatuonyesha ugonjwa ulipo. Humo Babar na Céleste, wakisafiri kwa puto, wanafika mahali penye watu weusi walao watu, nao wamechorwa kama walivyochorwa katika mabango na magazeti ya siku zile, wote sura moja. Yule aliyempa tembo huzuni kwa mstari mmoja wa mgongo hakumpa mtu mweusi hata jicho lake mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu tembo wake ni watoto wake, aliowatazama. Na wale watu hakuwatazama kamwe, aliwanakili. Hergé alifanya vivyo hivyo huko Brussels katika miaka hiyo hiyo ya 1930 na 1931, na Tintin wake wa Kongo: hakuwa amefika huku, alikuwa na vitu vya makumbusho ya Tervuren na masimulizi ya wengine. Mchoraji aweza kuwa fundi kwa ukurasa mmoja, na kwa ukurasa wa pili akawa mnakili tu, kwa kalamu ile ile.

Jean de Brunhoff alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1937, akiwa na miaka 37. Laurent, mwanawe mkubwa, aliyekuwa na miaka 12 wakati huo, aliendeleza kazi tangu 1946 mpaka uzeeni; alifariki mwaka wa 2024, mwenye miaka 98. Naye alirithi hata kasoro. Katika Pique-nique de Babar ya mwaka wa 1949 alichora tena watu weusi kwa ule mfano wa kunakiliwa. Miaka mingi baadaye Toni Morrison, ambaye kabla ya kujulikana kwa riwaya zake alikuwa mhariri katika nyumba ya Random House, alilalamika juu ya sanamu hizo, na Laurent mwenyewe akaomba kitabu kisichapwe tena. Twamheshimu kwa hilo.

Wenzetu kadha wa kadha wanatayarisha vitabu vya watoto kwa Kiswahili, na wengine hutuuliza watapata wapi sanamu. Twawaona wakikata tembo, nyumba na mama kutoka katika vitabu vya kigeni, wakavibandika. Afadhali mchoro wa kalamu nyeusi wa mtoto wa jirani, hata kama mkono umekuwa mkubwa mno. Tena wasianzie kwa mchapaji. De Brunhoff alitengeneza kwanza vitabu vya majaribio kwa mkono, kwa penseli na rangi za maji. Maktaba ya Morgan ya New York imevitunza. Shoneni kimoja kwa uzi, kisomeni mbele ya watoto kumi, mkaangalie ni ukurasa upi wanaougeuza upesi.

Na kama mtu atataka kumtafsiri Babar mwenyewe, tumwonye juu ya neno moja. Céleste, ambaye Babar anamwoa mwishoni, ni cousine yake. Kifaransa chapita hapo bila kujikwaa. Lakini kwetu, mtoto wa baba mdogo au wa mama mdogo ni dada, na mtoto wa mjomba ni jambo lingine, ambalo makabila mengine huruhusu na mengine hukataza kabisa. Ukiandika «dada», watoto watapiga kelele. Ukiandika «binti wa mjomba», nusu ya darasa itanyamaza na nusu itageukia wazee. Mzee Cornelius, kwa upande wake, hakuomba ruhusa kwa askofu yeyote, na mapadri wa parokia watatabasamu. Sisi tungeandika tu «Céleste», na kuwaachia watoto waulize.