"Chaguo" Lisilochaguliwa: Tahakiki ya Istilahi za Mstari wa Amri

Umeletwa mezani petu mswada wa tafsiri ya mwongozo wa kuandika programu kwa lugha ya C, ukiombewa ithibati ya istilahi zake. Mtafsiri hatutamtaja, kwa kuwa kazi bado haijachapishwa, na kwa kuwa makosa tutakayoyajadili si yake peke yake. Kiswahili chake kwa jumla ni safi, na sura nyingi hazina dosari ya kusumbua. Tahakiki hii inahusu sura moja tu, ile inayoeleza jinsi programu inavyochanganua maneno ambayo mtumiaji ameyaandika baada ya jina la amri. Wala hatutaufufua hapa ule ubishi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi; umekwisha kula kurasa za kutosha.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Tuseme mtumishi wa ofisi ameandika hivi:

sort -r -o matokeo.txt majina.txt

Anaiagiza programu iitwayo sort ipange mistari ya faili la majina.txt, iipange kinyumenyume, ambayo ndiyo kazi ya -r, kisha iyaandike matokeo katika faili liitwalo matokeo.txt, ambayo ndiyo kazi ya -o. Kabla programu haijaanza kazi, maneno hayo hupangwa katika safu iitwayo argv, na idadi yake hutiwa katika argc. Hapa idadi ni 5, maana jina la programu nalo huhesabiwa, likikaa katika nafasi ya 0.

Mwandishi wa programu ya namna hii hana haja ya kuyapambanua maneno hayo kwa mkono. Ipo fanksheni ya getopt, ambayo kampuni ya AT&T iliitoa kwa umma mwaka 1985. Mwandishi huipatia mfuatano wa herufi "ro:", naye huwa amekwisha sema yote: herufi r na o zinakubaliwa, na hiyo nukta mbili inayofuata o maana yake ni kwamba o haikamiliki mpaka ifuatwe na kitu kingine. Getopt huzitoa herufi moja moja, na zikiisha hurudisha -1. Hapo kibadilika kiitwacho optind huonyesha neno la kwanza lililosalia liko nafasi gani. Katika mfano wetu ni nafasi ya 4, yaani majina.txt.

Sasa tuutazame mswada. Neno la Kiingereza option limefasiriwa kuwa "chaguo", na argument kuwa "hoja", tangu mwanzo wa sura hadi mwisho. Kwa hiyo maneno yote 5 ya mfano wetu ni "hoja", -o ni "chaguo linalohitaji hoja", matokeo.txt ni "hoja ya chaguo", na majina.txt ni "hoja isiyo chaguo". Msomaji asiyejua Kiingereza atafanya nini na sentensi kama hizo?

Hoja kwa Mswahili hutolewa, hupingwa, hujibiwa, hata bungeni hupitishwa. Jina la faili halipingwi wala halijibiwi. Kiingereza kililipata neno hilo kwa njia ya wanahisabati na wanafalaki, ambao kwao lilikuwa kiasi kinachojulikana, ambacho kutokana nacho kiasi kingine hukokotolewa. Maana hiyo haimo katika hoja yetu. Na chaguo je? Mtumiaji anapoandika -r, uchaguzi umekwisha. Kilichobaki ni agizo. Tena wingi wake unayumba: mswada wenyewe una "machaguo" katika ukurasa mmoja na "chaguzi" katika ukurasa unaofuata, na neno chaguzi limekwisha kukaliwa na masanduku ya kura.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya ladha. Si ya ladha. Mswada unasema kwamba "hoja isiyo chaguo huandikwa mwisho". Nikiifuata sentensi hiyo na kuiamini, niliandika sort -r -o majina.txt, nikidhani kwamba majina.txt, kwa kuwa liko mwisho, ndilo litakalosomwa. Mashine ilinyamaza ikinisubiri. Nikabonyeza Ctrl na D ili niondoke, na nilipolifungua faili nililikuta tupu. Getopt ilikuwa imetenda sawasawa: nukta mbili iliitaka o ifuatwe na jina la faili la kuandikia, na jina la kwanza lililopatikana ndilo lililochukuliwa. Kwa kuwa hapakusalia faili la kusoma, programu ilisubiri maneno kutoka kwenye kibao. Haikupata kitu, ikaandika hicho si kitu juu ya majina yangu. Hapakutolewa onyo lolote, maana kwa sheria za getopt hapakuwa na kosa. Bahati njema lilikuwa faili la majaribio. Mwalimu mwenye orodha ya wanafunzi wake asingekuwa na bahati hiyo.

La kusikitisha ni kwamba sanifu ya POSIX inayatenga mambo haya waziwazi, kila moja na jina lake. Mtafsiri ameyarudisha katika chungu kimoja.

Sarufi yetu inatosha kabisa kuyataja. Amri ni sentensi, na jina la programu ni kitenzi chake. Neno parse, ambalo mswada umelifasiri "kupitia", walimu wetu wamekuwa nalo darasani miaka mingi: ni kuchanganua. Tunapendekeza basi -r na -o ziitwe virekebishi, kwa kuwa hurekebisha namna ya kutenda kama kielezi kinavyofanya, matokeo.txt liitwe kijazo, kwa kuwa hujaza pengo la kirekebishi, na majina.txt liitwe kitendwa. Sentensi iliyonipoteza itasomeka hivi: "Vitendwa huandikwa mwisho, baada ya virekebishi na vijazo vyake." Kuna aliyependekeza kiambishi badala ya kirekebishi, kwa kuwa -r na -o zaweza kubanwa pamoja zikawa -ro. Wazo ni zuri, ila neno hilo lina kazi yake katika sarufi na lisiongezewe mzigo.

Upo pia ujumbe wa makosa. Baadhi ya mifumo ya jamii ya BSD humwambia mtumiaji aliyekosea herufi kwamba ametumia option iliyo illegal, na mswada umeandika "chaguo haramu". Karani wa masjala asomapo hivyo atadhani amevunja sheria ya nchi. "Kirekebishi hakitambuliki" inatosha, nayo ndiyo kweli.

Kuhusu neno la jumla, lile linalotaja kila kilichomo katika argv, hatujaridhika. Tumeandika "neno" katika makala haya yote, na linafaa mara nyingi. Lakini mtumiaji akiandika "orodha ya majina.txt" ndani ya alama za kunukuu, argv hupokea kitu kimoja, na Mswahili yeyote atahesabu maneno matatu. "Kipande" kimetajwa kikaoni, kikapingwa. Sura imerudishwa kwa mtafsiri pamoja na maelezo haya, na nafasi hiyo moja tumeiacha wazi.