Hakiki za Wi-Fi ya meshi hazijawahi kukatikiwa umeme

Ukiuliza mtandaoni ununue nini ili Wi-Fi ifike chumba cha mwisho, hakiki nyingi za Kiingereza zinakupa jibu moja: nunua meshi. Kifaa kimoja kinakaa kwenye ruta, viwili unavitawanya ndani, vinapokezana mawimbi, hakuna kutoboa ukuta. Waya unatajwa mwishoni, kama kazi ya watu wenye muda wa kuchezea. Hakiki hizo si za uongo. Ila zimepimwa kwenye nyumba nyingine kabisa.

Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za ndani za mbao na jipsamu. Sasa vuka kivuko cha Pangani hadi Bweni, nenda zako Ushongo: matofali ya saruji, bati juu au makuti, na jiko au banda la wageni limejitenga uani. Mawimbi ya 5 GHz, yale yenye kasi inayosifiwa kwenye boksi, huchoka upesi yakipita tofali. Halafu kifaa cha meshi chenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila mruko unakula karibu nusu ya kasi. Vyenye redio ya ziada vina nafuu, lakini redio hiyo nayo inapita ukuta uleule.

Mtu atasema: intaneti yenyewe inaingia kwa laini ya simu, tuseme Mbps 20, hiyo nusu inayopotea ya nini? Kweli kabisa. Kwa kasi peke yake, nisingegombana na meshi.

Ninagombana nayo kwa sababu ya umeme, jambo ambalo hakiki hizo hazigusi kabisa. Kila kifaa cha meshi kinataka soketi yake. Umeme ukikatika, hata ruta ikiwa na betri, vile viwili vya mbali vimekufa. Vituo vya waya vinaweza kupata umeme kupitia kebo ileile ya data; kiwango cha kwanza cha teknolojia hiyo, cha mwaka 2003, kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila kebo. Piga hesabu: vituo vitatu, ruta na swichi, jumla tuseme wati 40. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200. Tumia nusu tu ili usiiue, unapata saa 15, pengine 12 ukitoa kinachopotelea kwenye inveta. Betri moja, sehemu moja, na usiku mzima mgeni bandani hajui kama umeme ulikatika.

Waya nao una kero zake, jamani. Kebo ya shaba isizidi mita 100. Madukani kuna za aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa kazi ya kubeba umeme ziache. Upepo wa bahari una chumvi, viunganishi vya nje vitaota kutu visipofungwa vizuri. Na kati ya nyumba na banda, kwa hofu ya radi, ni heri faiba, ingawa faiba haibebi umeme, kwa hiyo banda litahitaji betri yake ndogo.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya drili, nunua meshi tu. Ila chagua yenye tundu la waya kwenye kila kifaa. Nyingi wanazo, na ukihamia kwako utavuta kebo na kuvitumia vilevile.