Ufundi wa Kurudisha Chakula

Kumkataza mgonjwa chakula ni kazi nyepesi. Hata jirani anaiweza. Acha maharage, acha maziwa, acha vitunguu, na mwisho wa mwezi mtu anakula ugali mtupu na tumbo bado linaunguruma. Ninaowavulia kofia ni wataalamu wa lishe wanaojua kuondoa vyakula kwa mpango, kisha, lililo gumu zaidi, wakajua kuvirudisha.

Wagonjwa wao wana IBS: tumbo hujaa gesi na kusokota, leo linaharisha, kesho choo hakitoki, na vipimo vyote vinasema utumbo ni mzima. Mbinu ya kuwatuliza ilikomazwa katika Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, ambako Peter Gibson na Sue Shepherd walilitambulisha jina la FODMAP mwaka 2005. Ndani ya jina hilo yamo makundi ya sukari na jamaa zake: fruktani za vitunguu na ngano, galaktani za maharage na dengu, laktosi ya maziwa, fruktosi inayozidi kwenye asali na maembe, pamoja na sorbitoli na manitoli za baadhi ya matunda na uyoga. Zisiposharabiwa vizuri, huvuta maji utumboni, na bakteria wa utumbo mpana huzichachua na kutoa gesi. Hata mtu mzima wa afya hupata gesi hiyo. Mwenye IBS huumia kwa sababu neva za utumbo wake ni nyepesi kuhisi.

Hatua ya kwanza ni kupunguza makundi yote kwa pamoja, wiki 2 hadi 6. Wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, karoti, mayai, samaki na nyama hubaki mezani. Shida ni mchuzi: nani atapika bila vitunguu? Hapo ndipo utaalamu unapoingia jikoni. Fruktani huyeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haziyeyuki. Basi punje nzima za kitunguu saumu hukaangwa taratibu mpaka mafuta yanukie, zinaopolewa zote, ndipo nyanya zinaingia. Nyanya zikitangulia, maji yake yatazitoa fruktani zile na kuzieneza mchuzi mzima. Majani mabichi ya kitunguu nayo hukatwakatwa badala ya kitunguu chenyewe.

Tumbo likitulia, wengi hudhani wamefika. Mtaalamu ndiyo kwanza anaanza. Kama fundi umeme aliyezima swichi zote, sasa anawasha moja moja asikilize. Angalia anavyochagua cha kujaribia: laktosi huijaribu kwa maziwa, fruktosi kwa asali, kwa kuwa kila kimoja hubeba sukari moja tu anayoitafuta. Tufaha halitumii, kwa sababu lina fruktosi na sorbitoli kwa pamoja. Likileta gesi, hutajua umlaumu nani. Nusu kikombe cha maziwa siku ya kwanza, zaidi kidogo ya pili, kikombe kizima ya tatu, huku mgonjwa akiandika kila dalili. Kisha siku 2 au 3 za kupumzika kabla ya kundi lingine. Na maziwa yakipita salama, bado yanawekwa kando mpaka majaribio yote yaishe, yasije yakavuruga jibu la kinachofuata.

Subira hiyo ina sababu. Fruktani na galaktani ni chakula cha bakteria wema wa utumbo, hivyo kuzinyima kwa muda mrefu ni hasara. Wengi hugundua kwamba kinachowasumbua ni kundi moja au mawili, tena kwa kipimo fulani tu: kijiko cha maharage kinapita, bakuli halipiti.

Usianze peke yako. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, au maumivu yanayokuamsha usiku ni mambo ya daktari kwanza. Kipimo cha ugonjwa wa siliaki, ambao huchochewa na ngano, nacho hufanywa ukiwa bado unakula ngano, la sivyo kinaweza kudanganya. Na ukipewa orodha ya makatazo isiyo na tarehe ya kurudisha vyakula, jua umepewa nusu ya tiba. Rudi ukaidai nusu ya pili.