Maabara Isiyoficha Ila za Ofisi

Fundi aliye Dar es Salaam au Nairobi, ruta ikimharibikia saa nne asubuhi, aghalabu huwa amepata nyingine kabla ya adhuhuri. Lakini aliye Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba katika jimbo la Haut-Lomami, hana budi kuagiza kifaa hicho Lubumbashi, kikasafiri kwa reli hadi Bukama, ambako njia ya gari moshi ilifika mwaka 1918, kisha kikangojea chombo cha kuteremka na mto. Kwa hiyo jaribio la kubahatisha juu ya mtandao wa ofisi, ambalo kwingine huhesabiwa kuwa uzembe mdogo, huku laweza kuwaweka watu bila kazi kwa wiki mbili, na ndiyo maana tulipotakiwa kubadili seva ya ofisi moja ya hapa tuliazimu kuijenga kwanza ofisi ya pili, ya majaribio, ambayo ikianguka hapana aumiaye.

Ofisi yenyewe si kubwa: kompyuta kumi na moja, printa mbili, na seva kongwe iliyotunza majina na nywila za watumishi pamoja na mafaili yao, vyote vikiendeshwa kwa paneli za sola na betri, na kuunganishwa na ulimwengu kwa sahani ya setilaiti iliyo juu ya paa. Mahali pa seva hiyo palikuwa pachukuliwe na programu ya Samba, ambayo Andrew Tridgell aliianza huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 imeweza kusimama badala ya seva ya Windows katika kuwatambua watumishi na kuwafungulia milango, bila ofisi kulipia leseni.

Maabara ilikuwa laptopu moja ya mtumba, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, ambayo ndani yake tulisimamisha mashine pepe tano: seva kongwe, seva mpya, ruta, na kompyuta mbili za watumishi. Dhana ya kuifanya mashine moja iwe nyingi si ya jana, maana wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, waliitekeleza katika miaka ya 1960. Wala kuiga mtandao mzima katika chumba kimoja si jambo geni kwetu Afrika, kwani warsha za AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao wa Afrika, zilizoanza Cape Town mwaka 2000 na kufika Dar es Salaam mwaka 2011, zimewafunza mafundi wengi kwa kuwaweka katika makundi na kulifanya kila kundi lijiendeshe kama kampuni ya intaneti, likipatana na jirani zake na kukosana nao pasipo mteja wa kweli kudhurika. Tofauti ni kwamba warsha huunda mtandao wa mfano ulio safi, nasi tulitaka nakala ya ofisi iliyopo, pamoja na taka zake.

Basi siku tatu za mwanzo hatukuigusa laptopu. Tulifuata nyaya kwa mkono, ukutani, chini ya meza na nyuma ya makabati, mmoja akichomoa upande huu na mwenziwe akitazama upande wa pili ni taa ipi ya kijani iliyozimika. Nyuma ya kabati la mahesabu tukakuta kiswichi cha matundu matano, kimefunikwa vumbi na kufungwa kwa kipande cha kitenge, ambacho hakikuandikwa popote wala hapakuwa na aliyekumbuka kilivyofika pale, na kompyuta tatu zilikuwa zikikitegemea. Ramani ya kuulizia watu ingekikosa, na maabara iliyojengwa juu ya ramani hiyo ingekuwa ya ofisi nyingine.

Hapo likazuka suala la majina na anwani. Wako mafundi wanaoshauri kwamba maabara itumie majina yaishiayo na .test, yaliyotengwa kwa majaribio tangu Juni 1999, na anwani zisizofanana na za ofisi, ili hata ikivuja isilete madhara. Nauheshimu ushauri huo, lakini kwa kazi kama hii siukubali, kwa kuwa njia za mkato na printa za watumishi zimeandikwa kwa majina na anwani za zamani, na ukizibadili katika nakala umekwisha kuliondoa lile ulilotaka kulijaribu. Tulishika majina yale yale na anwani zile zile. Gharama yake ni kwamba nakala na asili hazipasi kukutana kwenye waya mmoja kamwe, nami nikazikutanisha. Siku ya tano niliichomeka laptopu kwenye swichi ya ofisi ili ninakili mafaili, nikasahau kwamba mgawaji wa anwani wa maabara alikuwa macho, naye, kwa kuwa hakujua ni anwani zipi zimekwisha kugawiwa katika ofisi ya kweli, akampa karani mmoja anwani ya mwenziwe aliyekuwa ameizima kompyuta yake. Mwenziwe huyo aliporudi na kuiwasha, kompyuta zote mbili zikatoa ilani ya kugongana. Kosa lilikuwa langu. Tangu saa ile mafaili yalibebwa kwa diski ya mkononi, na tundu la waya la laptopu likazibwa kwa utepe mweusi.

Maabara ilipokwisha kusimama, ila yake ilikuwa moja: ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kila kitu kilijibu papo hapo, ilhali ofisi huishi nyuma ya setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ombi likipanda na kushuka, na jibu vivyo hivyo, takriban nusu sekunde hupotea angani kabla ya kuhesabu vituo vya njiani. Katika Linux mna chombo kiitwacho netem, ambacho huchelewesha pakiti kwa makusudi. Tulipokiamuru kuchelewesha kila safari ya kwenda na kurudi kwa sekunde 0.6, ukurasa wa ripoti unaoomba vipande arobaini, kimoja baada ya kingine, uliokuwa ukifunguka kufumba na kufumbua, ulichukua sekunde 24. Ndipo ilipodhihiri kwamba seva mpya haikuwa ikihifadhi majibu ya majina ya intaneti, bali iliyauliza upya kila mara ng'ambo ya setilaiti. Kazi hiyo tukaikabidhi programu ya BIND.

Kisha tukaigeukia saa. Samba, kama Windows, huwatambua watu kwa utaratibu wa Kerberos, ambao kwa kawaida humkataa mtu ambaye saa ya kompyuta yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, hata nywila yake ikiwa sahihi, ili aliyeiba kibali cha jana asikitumie leo. Penye umeme wa daima sharti hili halionekani. Hapa, ambapo kompyuta huzimwa kila jioni na betri ya kidonge iliyo ndani yake imekwisha kufa zamani, saa hurudi nyuma miaka. Tukairudisha nyuma saa ya mashine pepe moja, tukaandika nywila iliyo sahihi, tukakataliwa. Siku ile ile tukaagiza betri kumi na moja kutoka Lubumbashi, na tulipozipokea tukazibadili zote, isipokuwa ya kompyuta moja iliyokuwa imefungiwa katika chumba ambacho mwenye ufunguo alikuwa safarini Kamina.

Jumamosi ya kuhamia seva mpya, mwenye ufunguo akiwa amerudi, karani wake aliandika nywila polepole, herufi baada ya herufi, akakataliwa. Hakuna aliyeigusa seva. Tuliitazama pembe ya kioo, ikasema ni Januari mosi ya mwaka uliokwisha kupita zamani. Nikaitoa mfukoni betri ya kumi na moja, bisibisi ikafanya kazi yake kwa dakika chache, saa ikarekebishwa, na karani akaandika tena nywila ile ile.